Mayahudi wa Kenya: ni nani, wako wapi, na kwa nini sisi wa pwani tuwajue

Mwaka jana nilimsindikiza mpwa wangu chuoni Meru. Tulifikia Kaaga, nje kidogo ya mji, kwa mzee mmoja ambaye mwanawe nilisoma naye diploma miaka hiyo. Baridi ya Kaaga si ya mchezo kwa mtu aliyezoea jua la Kisauni. Usiku tukaketi jikoni karibu na moto, tukinywa chai ya maziwa, na mzee akaniuliza kwetu hasa ni wapi. Nikamwambia Mombasa, ila upande wa mama ni Lamu.

Akacheka. "Basi kaa vizuri, mgeni wangu, maana babu zako na babu zangu wana kesi. Sisi Wameru ni Mayahudi. Na nyinyi ndio mliotutia utumwani mpaka tukatoroka."

Sikuwa na jibu. Niliporudi nikaisimulia habari hiyo barazani kwetu baada ya swala ya isha. Mmoja akasema, "Ndiyo maana! Kumbe bara kote kumejaa Mayahudi." Mwengine akaapa kuwa Kenya hakuna Myahudi hata mmoja, isipokuwa watu wa ubalozi wa Israeli. Nimesoma na kuuliza tangu siku ile, na nimeona wote wawili wamekosea. Makala haya ni ya kuweka mambo mahali pake: Mayahudi wa Kenya ni akina nani, wanaswali wapi, jumuiya yao inaendeshwa vipi, na sisi wa pwani inatuhusu nini.

Kisa cha Mbwaa

Nianze na mzee wangu wa Kaaga, kwa sababu kisa chake hakukitunga yeye. Ni mapokeo ya Wameru wote. Wanasema wazee wao waliishi mahali paitwapo Mbwaa, kando ya maji makubwa. Wakaja watu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu, wakawatawala na kuwatumikisha. Watawala hao wakawapa mitihani isiyowezekana: leteni kiatu chenye manyoya juu na chini, leteni mkuki mrefu wa kufika mawinguni. Mwisho wakaondoka usiku wakiongozwa na Koomenjwe, aliyeyapiga maji kwa fimbo yake yakapasuka. Waliovuka usiku wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wakaitwa wekundu, waliovuka kumekucha wakaitwa weupe, na mpaka leo koo za Wameru hugawanywa hivyo.

Anayejua kisa cha Nabii Musa na Firauni ataona mfanano mara moja. Padri wa Kiitaliano Bernardo Bernardi, aliyeandika kitabu kuhusu Mugwe, kiongozi wa kiroho wa Wameru, kilichotoka mwaka 1959, aliyakuta mapokeo haya. Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wengi wa Meru, aliona kuwa Mbwaa huenda ni sehemu ya kisiwa cha Manda, pale pale jirani na Lamu. Kwa hiyo mzee alipoitaja kesi ya babu zetu, alikuwa na pa kusimamia.

Je, hilo linawafanya Wameru kuwa Mayahudi? La. Kimeru ni lugha ya Kibantu, ndugu ya Kikuyu, Kiembu na Kikamba. Watu wengi duniani wana visa vya kuvuka maji na kukimbia mtawala dhalimu. Tena tusisahau kuwa Wamethodisti, walioanzia Ribe hapa kwetu mwaka 1862, walifika Meru mwaka 1912 na Kaaga ikawa kituo chao kikubwa. Tangu hapo vizazi vya Wameru vimesomewa habari za Musa kanisani na shuleni. Visa viwili vinavyofanana vikikaa nyumba moja muda mrefu, huazimana nguo. Hata hivyo kisa cha Mbwaa ni cha Wameru wenyewe, na hakihitaji kuwa cha Mayahudi ili kiwe na thamani.

Nani huitwa Myahudi

Kwa sheria ya dini yao, Myahudi ni aliyezaliwa na mama wa Kiyahudi, au aliyeingia dini hiyo kwa kufuata taratibu zake mbele ya baraza la marabi. Taratibu hizo ni ndefu: masomo, kuoga katika maji ya tohara, na kwa wanaume kutahiriwa. Mtu hawi Myahudi kwa kuadhimisha Jumamosi peke yake, wala kwa kujipa jina la Kiebrania.

Kuna mengi kwao ambayo Mwislamu atayatambua. Hawali nguruwe, na mnyama wao huchinjwa kwa kisu kikali na mtu aliyefundishwa. Wanatahiri watoto wa kiume siku ya nane. Maiti huoshwa, hukafiniwa kwa nguo nyeupe isiyo na mapambo, na huzikwa haraka. Siku yao huanza jua linapotua, kama yetu, ndiyo maana Sabato yao huingia Ijumaa magharibi na kutoka Jumamosi usiku. Swala ya jamaa haitimii mpaka wapatikane watu wazima kumi, na kwa wanaofuata mkondo wa kale hao kumi ni wanaume.

Ahadi ya Uasin Gishu

Wengi hawajui kuwa nchi hii ilikaribia kuwa makao ya Mayahudi. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa harakati za Kizayuni, pendekezo la ardhi ya kiasi cha maili za mraba 5,000 katika nyanda za Uasin Gishu, upande wa Eldoret ya leo. Mpango huo huitwa wa Uganda kwa kuwa eneo hilo lilikuwa chini ya Uganda mpaka mwaka 1902.

Zama zile Mayahudi wa Urusi walikuwa wakiuawa katika ghasia, na Herzl alitaka pa kuwahifadhi. Mkutano wao wa Basel, Agosti 1903, uligawanyika vibaya: 295 waliunga mkono kupeleka wachunguzi, 178 wakapinga. Walowezi wa Kizungu wa Nairobi, Lord Delamere akiwa mbele, wakapiga kelele wasiletewe Mayahudi. Wachunguzi watatu wakaja, wakaizunguka nchi, wakarudi na ripoti isiyotia moyo. Mwaka 1905 mkutano uliofuata ukaukataa mpango wote.

Wakalenjin na Wamaasai waliokuwa na malisho yao huko hawakuulizwa na yeyote. Ardhi ya watu iligawiwa London na kujadiliwa Basel. Kwa sisi tunaojua uchungu wa mashamba ya pwani yaliyoandikwa majina ya wengine, hilo halihitaji kuelezwa.

Jumuiya ya Nairobi

Mpango ulikufa, lakini Mayahudi wachache walikwisha fika. Mmoja wao ni Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, aliyekuja mwaka 1903 akitokea Afrika Kusini. Alianza bila mali, na mwaka 1927 akainunua hoteli ya Norfolk. Baadaye jamaa yake wakaimiliki New Stanley pia, na jina la Block likawa jina kubwa katika hoteli za nchi hii.

Jumuiya yenyewe, Nairobi Hebrew Congregation, iliundwa mwaka 1904, Nairobi ikiwa bado ni kambi ya reli. Jiwe la msingi la sinagogi ya kwanza liliwekwa mwaka 1912 na gavana Percy Girouard. Jengo la leo ni la mwaka 1955 na liko kwenye makutano ya University Way na Uhuru Highway, karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, hauko mbali kwa miguu. Wengi wetu tumepita pale kwa basi la Mombasa mara nyingi, tukaona ukuta na miti, tusijue ni nyumba ya ibada.

Idadi yao ilipanda kwa sababu ya msiba. Hitler aliposhika Ujerumani mwaka 1933, Mayahudi walitafuta nchi yoyote ya kuwapokea, na mlango wa Kenya ulifunguliwa kidogo tu. Serikali ya kikoloni ilitaka fedha za dhamana na watu watakaofanya kazi mashambani. Jumuiya ya Nairobi ikaunda kamati ya wakimbizi, ikachanga, ikawatafutia kazi. Vita vilipoanza mwaka 1939, wanaume wengi wa hao wakimbizi walizuiliwa kama raia wa adui, ingawa walikuwa wamemkimbia adui huyo huyo. Stefanie Zweig, aliyeletwa Kenya mtoto mwaka 1938 na kurudi Ujerumani na wazazi wake mwaka 1947, aliyaandika maisha hayo katika riwaya yake ya Kijerumani. Filamu iliyotokana nayo, ambamo Kiswahili kinasikika, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003.

Baada ya vita Mayahudi wa Kenya walikuwa kiasi cha 1,200, kwa hesabu inayotajwa sana. Mmoja wao, Israel Somen, alikuwa meya wa Nairobi kuanzia 1955 hadi 1957. Kisha uhuru ulipokaribia na baada yake, wengi wakahamia Uingereza, Israeli na kwengineko. Leo waliobaki ni mia chache tu, wakijumlishwa na wageni wanaofanya kazi Nairobi katika kampuni, balozi na mashirika ya Umoja wa Mataifa.

Jumuiya inaendeshwa na kamati inayochaguliwa na wanachama, kama kamati zetu za misikiti. Kamati hutunza jengo, hupanga ibada za Sabato na za sikukuu, na husimamia makaburi yao. Kuna watu maalumu wa kuosha na kuzika maiti, na kuna ukumbi wa mikutano na sherehe uitwao Vermont Memorial. Ibada ni ya mkondo wa kale, wanaume na wanawake wakikaa mbalimbali. Harakati ya Chabad, ambayo hupeleka marabi sehemu nyingi za dunia kuhudumia Mayahudi wasafiri, nayo ina kituo chake Nairobi. Mgeni hawezi kuingia sinagogi ovyo. Ni lazima aombe mapema na akaguliwe, na sababu ya ulinzi huo nitaieleza.

Anayetaka kujua zaidi atafute kitabu cha Julius Carlebach cha mwaka 1962 kuhusu Mayahudi wa Nairobi, au kile cha Cynthia Salvadori kilichotoka mwaka 2004 jumuiya ilipotimiza miaka 100.

Nje ya Nairobi

Nakuru nako kulikuwa na jumuiya na sinagogi, kwa ajili ya waliolima Bonde la Ufa. Walipohama, ikafungwa. Gilgil iliwahi kuwa na Mayahudi wa aina nyengine kabisa: kuanzia 1947 hadi 1948 Waingereza walifunga huko wanamgambo wa Kiyahudi waliokuwa wakiwapiga vita Palestina. Yaani Mwingereza aliyemfungulia mkimbizi mlango kwa mkono mmoja, alimfungia mwenziwe kambini kwa mkono wa pili, nchi hiyo hiyo.

Kisha kuna Mayahudi weusi, na hapa ndipo mzee wa Kaaga angependa kusikiliza. Kasuku, upande wa Ol Kalou katika kaunti ya Nyandarua, kuna kundi dogo la familia za Kikuyu. Walikuwa katika kanisa lililochanganya mambo ya Kikristo na ya Kiyahudi. Waliposoma zaidi wakaona vitu hivyo viwili havikai chungu kimoja, wakachagua Uyahudi.

Wametanguliwa na ndugu zao wa Uganda, Abayudaya wa Mbale. Hao walianzishwa mwaka 1919 na Semei Kakungulu, jemadari aliyewasaidia Waingereza kuiteka Uganda ya mashariki kisha akaona wamemzunguka. Aliisoma Biblia, akayashika ya Taurati, akajitahiri yeye na wanawe. Alipofariki mwaka 1928 wafuasi walibaki wakijifunza wenyewe, na chini ya Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku. Wengi walikata tamaa, na waliobaki walikuwa mia chache tu. Mwaka 2002 mamia yao waliingizwa rasmi katika Uyahudi na marabi waliosafiri kwenda Mbale. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alipata urabi Marekani mwaka 2008 na mwaka 2016 akachaguliwa mbunge. Jimbo lake lina Wakristo na Waislamu wengi kuliko Mayahudi, kwa hivyo bila kura zao asingeshinda.

Tofauti ya watu hawa na madai ya Kaaga ni hii: Abayudaya hawakusema babu zao walitoka Misri. Walisema wameikubali dini hii, wakaibeba na tabu zake. Dini huingiwa kwa mlango wake.

Wanaochanganywa nao

Kenya kuna makanisa yanayojiita ya Kimasihi au ya Kiebrania. Wanavaa shali za sala za Kiyahudi, wanapuliza pembe, wanashika Jumamosi, lakini wanamwabudu Yesu. Mayahudi wenyewe hawawahesabu hao kuwa Mayahudi, wala sinagogi ya Nairobi si yao. Wasabato nao ni Wakristo kamili. Kwa hivyo ukiona bendera ya Israeli imetundikwa kwenye kanisa au imebandikwa kwenye matatu, usidhani umemwona Myahudi. Mara nyingi umemwona Mkristo anayeipenda Israeli ya kwenye Biblia yake.

Myahudi na dola ya Israeli

Sasa nifike penye uzito. Kila Gaza inapopigwa, na moyo wa kila mmoja wetu unapoumia, barazani neno "Myahudi" hutumika kama tusi, na kila mtu huingizwa humo: mwanajeshi wa Israeli, mfanyabiashara wa Nairobi, mkulima wa Kasuku. Mimi mwenyewe nimewahi kulitumia hivyo, na sijivunii.

Dola ya Israeli ni serikali, na serikali hulaumiwa kwa matendo yake. Mwaka 1973 Kenya ilivunja uhusiano nayo pamoja na nchi nyingi za Afrika, ikaurejesha mwaka 1988. Hayo ni ya siasa, na kila raia ana haki ya kuyasemea, kuandamana na kuwaombea dua Wapalestina. Lakini sinagogi ya Nairobi ilikuwepo miaka mingi kabla ya dola hiyo kuundwa mwaka 1948. Mwenye kuswali mule hakutuma ndege popote.

Na kuchanganya huku kumetugharimu damu yetu wenyewe. Tarehe 31 Desemba 1980 bomu lililipuka Norfolk, hoteli iliyojulikana kwa jina la Block, watu wakafa usiku wa kuamkia mwaka mpya. Tarehe 28 Novemba 2002, mwezi wa Ramadhani, hoteli ya Paradise iliyomilikiwa na Waisraeli ililipuliwa pale Kikambala. Waliouawa ni 13: Waisraeli watatu, na Wakenya kumi, wakiwemo wacheza ngoma wa Kigiriama waliosimama mlangoni kukaribisha wageni. Waliotega bomu walidai wanampiga Myahudi. Waliozika zaidi ni Kilifi. Baada yake vijana wa Kiislamu wa pwani wakawa wanakamatwa na kuulizwa maswali, wengi bila kosa. Na ule ukaguzi mkali kwenye mlango wa sinagogi, sababu yake ndiyo hiyo.

Dini yetu haikutufundisha kuchanganya. Qur'ani inawaita Ahlul Kitab na imetuhalalishia chakula chao. Mtume, rehma na amani zimshukie, aliandikiana mkataba na Mayahudi wa Madina na kuweka deraya yake rehani kwa Myahudi. Jeneza la Myahudi lilipopita alisimama, na alipoulizwa akajibu kuwa naye ni nafsi. Aliyewapiga vita aliwapiga kwa jambo lililotendeka, na hakumhukumu mtu kwa jina la kabila lake. Katiba yetu nayo, kifungu cha 8 na cha 32, haina dini ya dola na inalinda ibada ya kila mtu. Katiba hiyo hiyo ndiyo inayolinda mahakama za Kadhi katika kifungu cha 170. Tukitaka ukuta wetu usimame, tusichimbe msingi wa jirani.

Kesi ya Kaaga

Nimalizie na mzee wangu. Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza mpaka stendi ya matatu. Njiani nikamwambia, "Mzee, kuhusu ile kesi. Utumwa ulikuwepo pwani, siwezi kuukana. Hapa Kenya sheria iliufuta mwaka 1907 tu, juzi juzi. Lakini mimi sikuvaa nguo nyekundu."

Akanitazama kofia yangu, kanzu yangu, na sweta la mwanawe nililoazimwa kwa baridi. Lilikuwa jekundu. Tukacheka mpaka kondakta akatushangaa.

Kisha akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Mwanangu, mimi nakijua kisa. Wewe ndio kwanza nimekujua jana."

Wengi wetu pwani tunakijua kisa cha Myahudi, lakini hatujawahi kumjua Myahudi hata mmoja. Sisemi mtu aache kuidai haki ya Palestina. Nasema tu kwamba jirani aulizwe jina lake kwanza, kabla hatujamtwisha mzigo wa watu asiowajua.

Wallahu aalam.